Wingu la Siku ya Posa

Dada Nyemo, nimeposwa! Kaa chini kwanza nikusimulie.

Unajua siku hizi hapa kijijini haturuhusiwi kuwasha moto, hata njiti ya kiberiti. Tunapikia jua tu. Na mimi nalishukuru hilo jua, jamani! Mama hakohoi tena, macho yake meupe kama ya mtoto, na nimemaliza chuo kwa sababu hakuna aliyenituma kuni.

Basi, wakwe wameshafika, kuku yuko kwenye jiko la jua hajaiva, mara wingu hilo! Jeusi, zito, la kwanza mwaka huu. Wakwe wale kuku mbichi? Posa si ingevunjika palepale?

"Mama, tunafanyaje?"

Mama, yule aliyekuwa wa kwanza kuipigia mvua vigelegele, akavua khanga ya begani akaanza kulipungia wingu kama anafukuza kunguru. "Pita! Nenda kwa wengine huko!" Mama mkwe naye akainuka, akapunga. Majirani nao, kila mmoja mbele ya jiko lake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Na likapita, dada! Jua likawaka, kuku akaiva, posa ikapokelewa. Vigelegele tulivyoliagia lile wingu, usiombe!

Baba tu hakuwepo. Nilipomfuata aje kula, nilimkuta shambani ameshika jani la mtama. Lilikuwa linasagika kiganjani mwake kama ugoro.