Kiota cha Sita cha Mnana

Enzi zile kila mnyama alipokuwa na lake la kusema juu ya asili ya viumbe, Mnana, ndege fundi wa kufuma viota, alimwita Fuko, mchimbaji asiyeamini ila anachokipapasa.

"Kiota changu hiki, kweli kingejifuma chenyewe?" Mnana alijigamba. "Kina fundi aliyekipanga. Na viumbe ni hivyohivyo."

"Mimi huko chini nakuta mifupa," Fuko alijibu. "Kadiri ninavyochimba, ndivyo inavyozidi kutofanana na yetu. Viumbe wamebadilika kidogo kidogo, wasiofaa wakiachwa njiani."

Wakabishana mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Mara mke wa Mnana akatua, mayai yamembana. Akakagua kiota, akakikata kwa mdomo, kikaanguka pu!

"Cha sita hicho, baba watoto! Mlango mpana, nyoka ataingia. Fuma kingine."

Fuko akavipapasa viota vyote sita pale chini. Kila kimoja kilikishinda kidogo kilichokitangulia.

"Umeona? Visivyofaa vimeachwa njiani!"

"Lakini vyote nimevifuma mimi!" Mnana akafoka.

"Haya, mmeshinda wote wawili," alisema mke. "Sasa niambieni, waheshimiwa, mayai niyatage juu ya hoja ya nani?"