Sindano ya Ukosini

Masanduku yalishapakiwa na gari linaunguruma. Mume anahamia kwa mke mdogo, naye mke mdogo keshaketi mbele na hariri yake, dirisha kashusha apate upepo. Mume akabonyeza maji ya kuoshea kioo cha mbele. Hayakutoka.

"Mama watoto," akamwita mke mkubwa bila haya, "hebu nizibulie hiki kitundu. Wewe ndiye fundi wake."

Miaka kumi na miwili alikizibua yeye, kwa sindano aliyoichomeka ukosini. Akainamia boneti, akachokonoa chokaa ya maji ya bomba mpaka ikatoka.

"Dada una mikono ya gereji," mke mdogo akacheka.

Sindano ilikuwa bado imo kitunduni. Akaizungusha taratibu, kitundu kikaligeukia lile dirisha lililo wazi.

"Tayari, baba watoto. Vumbi likizidi, bonyeza sana."

Kioo kikabaki na vumbi kila alipobonyeza. Mume alipita kwa mafundi watatu, na kila mmoja akamuuzia dawa yake ya kioo. Hakuna aliyekitazama kitundu. Mke mdogo alirudi kwao siku ya tisa, na hariri yenye madoa. Mwenye sindano alitia uzi, akamalizia kushona mapazia yake.