Fisi wa Nkole Langoni pa Mbuzi

Mchwa walikuwa wakizila nguzo za zizi la mbuzi, moja baada ya nyingine. Siku moja akabisha hodi Fisi wa nkole, ambaye hali nyama; chakula chake ni mchwa.

"Wazee wangu, niruhusuni niwale mchwa hao kabla zizi halijaanguka."

Beberu, mlinzi wa lango, akacheka. "Fisi akiomba mchwa, kesho simba ataomba majani!"

"Basi nikagueni meno, kama mnavyomkagua kila mgeni."

Akafunua kinywa. Magego yake yalikuwa madogo kama punje za mtama, hayawezi kutafuna hata ngozi. Mbuzi wakatazamana.

"Jamani, hamwoni hila?" akasema Beberu. "Ameyachonga ili tumwamini."

Wakamfukuza kwa pembe hadi wakamvunja mguu.

Wiki haikupita, nguzo zikaanguka na fisi madoa wakaingia. Walipoondoka walibaki mbuzi watano, wakiwalilia watoto wao.

"Ni yule mwenye meno ya kuchonga," akasema Beberu. "Ndiye aliyewaonyesha njia."

"Ndiye," wakaitikia wote.