Chumvi ya Sanyuanli

Dalila aliurusha mkoba, ukampiga mwenye duka begani.

"Mwambie acheke tena," alimwambia Martina. "Mwambie!"

Martina, mfanyabiashara mwenzake kutoka Arusha, ndiye aliyejua Kichina, lakini hapakuwa na haja ya kutafsiri. Bibi Huang, mwenye duka, alikuwa ameelewa. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akitazama televisheni iliyotundikwa juu ya rafu za mikoba, pale kwenye jengo la maduka la Tianxiu, na maji meusi yalipozoa nyumba na magari ya Wajapani, alipiga makofi. Akasema safi. Akasema bado hayatoshi. Wateja wawili wakacheka naye.

"Anasema Wajapani walimchinja babu yake vitani," Martina alinong'ona. "Anasema hana chozi la kuwapa."

"Mume wangu si Mjapani!"

Bibi Huang aliuokota mkoba, akaupangusa, akanyoosha kidole mlangoni. Kwa miaka mingi Dalila alikuwa akinunua mikoba pale na kuipeleka Kariakoo. Siku hiyo alitolewa nje kama mwizi.

Lilikuwa juma la tetemeko, Machi ya mwaka 2011. Burhani, mume wa Dalila, alikuwa katika mwaka wake wa tatu Japani, akinunua magari yaliyotumika katika mji mdogo wa pwani karibu na Sendai. Dalila alikuja Guangzhou kufuata mzigo, mapema kuliko kawaida yake, hata hakuwahi kumwambia mumewe. Tetemeko likamkuta akiwa hapo Guangzhou. Tangu Ijumaa ile ya tetemeko simu ya Burhani haikupatikana.

Kwanza ilikuwa bahari, kisha mitambo ya nyuklia ikaanza kulipuka, na kila alikogeuka Dalila alikutana na watu na midomo yao. Dereva wa teksi aliinua dole gumba kusikia habari redioni. Mgahawani, Waafrika wenzake walibishana kama bei ya magari itapanda au itashuka, na mmoja wao, huku akimega ugali, alisema mwenye akili anunue sasa hivi. Dalila alisukuma sahani yake akaondoka bila kuaga.

Sasa, wakiwa bado kwenye ngazi za Tianxiu, simu ya Dalila ililia. Alikuwa Maulid, rafiki wa Burhani tangu utotoni Tandika, sasa wakala wa mizigo mwenye ofisi mtaa wa Sanyuanli, hapohapo Guangzhou.

"Shemeji, nimeulizia kila mahali. Mji ule haupo tena. Tumwombee tu."

"Nipe namba ya yule Mjapani mwenye yadi ya magari."

"Yadi gani, shemeji? Yadi imekwenda na maji. Wewe rudi Dar ukakae eda. Mama mkwe wako nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba tumempoteza."

"Eda ya nani, Maulid? Maiti umeiona wewe?"

"Shemeji, kubali amri ya Mungu."

"Nakuja hapo ofisini kwako. Hiyo namba utanipa."

"Usije! Huku hakupitiki, Wachina wanapigania chumvi. Nitakuja mimi."

Dalila alikata simu. Akateremka kupanda treni ya chini ya ardhi, Martina akimfuata nyuma.

"Kweli wanapigania chumvi?" Dalila aliuliza treni ilipoondoka.

"Wamesikia eti ukila chumvi nyingi, mionzi ya nyuklia haikudhuru. Na wanasema bahari ikishaingia sumu, chumvi safi haitapatikana tena."

"Si hawahawa walikuwa wanacheka?"

"Leo wanaogopa, mwenzangu."

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Dalila alihisi kitu kinachofanana na furaha, na kilikuwa kichungu mdomoni. Waogope. Wakose usingizi kama yeye.

Walipotokea juu, barabara ya Sanyuanli ilikuwa imefurika. Mbele ya duka la vyakula, watu walikuwa wamebanana hadi kwenye lami, na mwenye duka amepanda juu ya kreti akipiga kelele: "Meiyou! Meiyou!" Hakuna, hakuna. Hakuna aliyemsikiliza. Vikongwe walipigana viwiko. Pakiti ilipasuka, chumvi ikamwagika, watu wakaichota chini pamoja na mchanga.

Katikati ya rabsha hiyo alikuwapo mtu mmoja mweusi, amevaa kofia na barakoa, amekumbatia pakiti kifuani. Mzee mmoja akamvuta shati. Mwanamke akapayuka neno ambalo Martina alikataa kulitafsiri. Kisha wakamshukia wote, ngumi na mikoba, mpaka akaanguka.

"Twende zetu," Martina alisema. "Hayatuhusu."

"Wanamuua mwenzetu!"

Hasira yote ya juma lile ilipata pa kutokea. Dalila aliingia kwenye lile kundi kwa mabega, akasukuma, akasukumwa, akamzaba mzee kofi ambalo alikuwa amemwekea Bibi Huang. Huyu naye ni mume wa mtu, aliwaza. Ana mke mahali anamngoja. Akapiga magoti juu ya ile chumvi, akamkinga yule mtu kwa mwili wake, akapiga mayowe kwa Kiswahili mpaka watu wakarudi nyuma.

"Pole, kaka," alisema, akimwinua kichwa. "Nipo hapa. Umeumia?"

Msichana wa Kichina alikuwa akijipenyeza kuwafikia, analia, na mtoto kiunoni mwake, mtoto wa nywele za kipilipili, akanyoosha mikono yote miwili kwa yule majeruhi.

"Baba! Baba!"

Mtu yule alishusha barakoa ili apate pumzi. Akamtazama Dalila.

"Nani kakwambia nipo huku?" aliuliza Burhani.