Risasi Moja ya Howell

Howell, kijana wa jirani, alibisha hodi asubuhi, bunduki begani, akaniomba ruhusa ya kupiga njiwa shambani kwangu, hapa Lincolnshire. "Ndiyo kwanza naanza, mama."

"Karibu. Wamenimalizia njegere, mashetani hao! Risasi zako ziko wapi?"

Wapiga njiwa huja na masanduku ya risasi, wavu wa kujifichia, na njiwa wa bandia wa kuwavutia wenzao. Yeye alifungua kiganja tu. Risasi moja nyekundu, kitako chake cha shaba kiking'aa kwa kusuguliwa siku nyingi.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Mpiga njiwa mwenye risasi moja, anakwenda kumpiga nani?"

Akajigusa kifuani kwa mkono wa pili.

"Nipe hiyo, mwanangu. Ingia, chai ipo."

Akafumba kiganja.