Hodi Kwenye Nyumba Isiyo na Paa

"Hodi!" Elvire aliita, kama nilivyomfundisha, mlangoni mwa nyumba isiyo na paa, chini ya ngome iliyobomoka kilimani. Tulikuwa tumetoka Dallas kumtembelea dada yangu Ufaransa.

Akangoja. "Mbona hawaitiki, Mama?"

"Walihama zamani, mwanangu."

Akagusa kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo za watu. "Lakini nyumba ya Bibi kule Burundi bado ina paa, si ndiyo?"

Tangu ajue kusema, nimekuwa nikimwambia inatungoja.

Pembeni, palipokuwa jiko, mawe yalikuwa bado meusi kwa moshi. Nikavuka kizingiti, nikaketi hapo chini.

"Karibu," nikamwitikia. "Njoo tukae, nikueleze moto ulivyoingia nyumbani kwa Bibi, ukala paa."