Taa Nyeupe ya Bustanini

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, Garissa. Mvua ilikatika alfajiri, kukabaki ubaridi.

Yurub alitoka nje kwenda bustanini akasimama ghafla. Mama yake, ambaye macho yalishafifia, alikuwa amechuchumaa chini ya taa mpya akitia udhu. Kumbikumbi walikuwa wameizingira taa, vyura wamewafuata kumbikumbi, na kando ya birika kifutu mnene amejikunja akiwavizia vyura.

Muuza taa alikuwa amemshauri achukue ya manjano, isiyovuta wadudu sana. Yurub alichagua nyeupe kali, ili mama aone vizuri.

"Hooyo, usiguse birika. Usisogee," Yurub alimwambia mama yake.

"Kwani taa yako ya uwanja wa ndege imeungua?"

"Kuna nyoka, hooyo."

Mkono wa mama ulibaki hewani, maji yakidondoka kiwikoni, midomo ikisoma dua. Yurub naye alisoma, mpaka kifutu akajikunjua, akapita taratibu juu ya kandambili ya mama, mguu ukiwa ndani, akapotelea mipapaini.

Hapo ndipo Yurub alipopiga ukelele. Majirani wakaja mbio.

"Nyote mshuhudie," aliwaambia. "Wallahi, taa hii haitawaka tena. Na kila alfajiri nitammiminia hooyo maji kwa mkono wangu."